Nilimkatalia shangazi kwa Kiingereza, akazidi kunitaka

Wakuu, poleni na majukumu. Mie ni mkimya, nyuzi zenu huwa nazisoma tu, mambo yangu naandikaga kwenye daftari. Leo natoa moja kama lilivyotokea, bila chumvi.

Niko form three, tunakaa Kiwalani.

Likizo ilifika na shuleni kukawa na kambi ya Hesabu. Hesabu ndiyo inayoniua, hivyo hiyo kambi nilikuwa naiota kabisa.

Jumamosi asubuhi akaja shangazi kutoka Kinyerezi. Ana mapacha, dada wa kazi kaondoka. Akasema kaja kunichukua, likizo nzima.

Sasa kwetu shangazi hakataliwi usoni. Unasema "sawa", halafu mama anakutafutia malaria ya kusingizia. Ila mwaka huu nilikuwa nimeshaumwa mara mbili, mama kaishiwa.

Nikamfuata braza uani. Kamaliza form six, yupo yupo tu. Akanishauri nikatae kwa Kiingereza: shangazi hatoelewa, na mie nitakuwa nimesema ukweli wangu. Akanipa "Count me out", "Not on your life", na ile kali kuliko zote, "Over my dead body", yaani labda nife kwanza.

Nikarudi sebuleni, nikapiga goti, nikatabasamu, nikazitema zote tatu kwa upole kama naomba maji.



Shangazi akashika kifua, akamgeukia baba. "Kaka, mtoto anashusha ung'eng'e hivi na mlikuwa mnanificha? Huyu ndiyo atawafundisha wanangu. Kafunge begi twende."

Huko uani braza anacheka mpaka anakohoa.

Machozi yakanijaa. Nikasema kwa Kiswahili, "Shangazi, nisamehe. Siendi. Nikikosa kambi, Hesabu nafeli."

Baba akaangalia feni.

Shangazi akanitazama weee, kisha akauliza taratibu, "Na huyo anayecheka huko nje, yeye ana kambi gani?"

Braza akaitwa. Na Kiingereza chake chote kile, akasema, "Sawa, shangazi."

Wiki ya pili sasa anaogesha mapacha Kinyerezi. Mie niko kambini, maswali bado magumu ila nimo.

Nilichojifunza: kama unakataa, kataa kwa lugha ambayo mwenzio ataisikia, na usichukue ushauri kwa mtu asiye na ratiba.

Nyie mlishawahi kumkatalia shangazi mkabaki salama? Mlisemaje? Tiririkeni, nasoma zote hata nisipojibu.