Mnunuzi wa Tangawizi

"Huyu hatavuka darasa la kwanza," walisema walimu wetu kule milimani, wakataka nihamishiwe kitengo maalumu cha watoto wenye ulemavu wa akili. Leo diploma yangu ya umeme inaning'inia ukutani mwa ofisi yangu hapa Same, na simfichi mtu walichosema. Juzi nilimsikia mama mmoja shuleni akisema, "Mpimeni tena mwanangu," na harufu ya tangawizi ikanijia puani.

Mama yangu naye aligoma. "Mmempima kwa Kiswahili, na nyumbani tunasema Chasu." Aliteremka ofisi ya elimu Same mara mbili, mpaka akaja mtaalamu wa kupima watoto anayejua Chasu. Alitukuta uani tukichambua tangawizi zenye udongo mbichi. Mimi nikadhani ni mnunuzi. Akaniuliza zipi ni za mbegu, zipi za soko, na tukiuza saba kati ya kumi zinabaki ngapi. Nilijibu yote, kisha nikamnong'oneza, "Baba, za chini usinunue. Zimeoza, mama kazifunika."

Alicheka hadi miwani ikamdondoka. "Mama Eliudi, huyu anabaki darasani!"

Mama alinifinya sikio huku akifuta machozi ya furaha. Mimi nililia kwa uchungu, kwa sababu mnunuzi wetu alikuwa anaondoka mikono mitupu.