Siku Bwana Rajabu Alipopata Pancha Mlangoni Petu

Harufu ya mpira uliopigwa na jua hainipiti hivi hivi. Nikikatiza kwa mafundi pancha, pale walipotundika matairi makuukuu, pua yangu hunirudisha Mtoni ya enzi za Mwingereza, kwenye nyumba yetu ya udongo iliyotazamana na barabara ya Kilwa. Motokaa zilikuwa chache wakati huo, na sie watoto tulizitambua kwa milio yake kabla hazijatokeza.

Katika nyumba ile tuliishi na shangazi yangu Zuhura, dada mkubwa wa baba. Alikuwa ameachwa na Bwana Rajabu, mfanyabiashara wa Kariakoo aliyejua Kiingereza na kupenda watu wajue kwamba anakijua. Walikaa muda mrefu bila mtoto. Mwishowe wakaenda hospitali, wakapimwa wote wawili, na daktari Mzungu akaeleza majibu kwa Kiingereza. Shangazi hakuelewa hata neno. Mumewe akamtafsiria kwamba kasoro ni yake. Haukupita muda akampa talaka, na kila baraza aliloketi aliwaambia watu kwamba alikuwa amefuga tasa.

Ukweli shangazi aliupata baadaye sana, kutoka kwa muuguzi aliyekuwemo chumbani siku ile, ambaye sasa alikuwa akija kununua vitumbua kwake. Daktari alikuwa amesema kinyume kabisa. Shangazi alijaribu kuwaeleza watu, nao wakamwitikia kwa upole, vile tunavyomwitikia mgonjwa anayedai amepona. Akaacha kusema. Lakini asubuhi nyingine, alipokuwa akitwanga mchele, mchi ulishuka kwa kishindo hadi mama akatukataza kumsogelea. Leo anamtwanga mtu, alituambia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, mchana wa jua kali. Baba alikuwa nyumbani. Alikuwa dereva wa lori la mawe, na jeki na spana zake alizihifadhi barazani ndani ya kasha la mbao. Tukasikia mlipuko barabarani, kisha motokaa nyeusi ikayumba na kusimama mbele yetu, imeinamia upande mmoja kama mtu aliyeteguka mguu.

Akashuka Bwana Rajabu, suti nyeupe, kofia ya lasi. Ndani alibaki mkewe mpya, Salma, binti mdogo aliyejitanda baibui. Walikuwa wakienda Mbagala kwenye harusi ya mdogo wake Salma, na motokaa ile ndiyo iliyongojwa imbebe bibi harusi. Dereva wao alikuwa anaumwa. Bwana Rajabu mwenyewe alijua kushika usukani, basi. Alilizunguka tairi, akaligusa kwa ncha ya kiatu kama anayetaka kuliamsha. Akafungua buti, akakuta tairi la akiba, jeki hakuna. Akajaribu kuondoka hivyo hivyo, gurudumu likazama mchangani.

Tulikuwa tumehamia pale baada ya talaka, kwa hiyo hakujua nyumba ni ya nani mpaka alipomwona baba. Akasita, kisha akaja huku akitabasamu. Baba ni mtu mpole. Akainuka, akamwita shemeji kwa mazoea, akageukia kasha lake. Akakuta shangazi ameshalikalia, sinia la mchele mapajani, anachambua.

"Dada," baba alisema kwa sauti ya chini, "mtu kakwama njiani."

"Hata mie aliniacha njiani," shangazi akajibu, macho kwenye mchele. "Kaa."

Baba akakaa.

Majirani walianza kukusanyika, kwa kuwa Mtoni motokaa ikikwama ilikuwa tamasha. Bwana Rajabu akawaomba vijana waiinue. Wakamtazama shangazi, wakaikunja mikono. Suti ikaanza kulowa mgongoni. Alicheka, akatania, akasema ya kale tuyaache. Shangazi akaendelea kutoa chuya mojamoja. Mie nilikuwa nimekaa miguuni pake, na nakwambieni kweli, nilikuwa naona raha. Nilitaka jua lizidi.

Hatimaye yule bwana akamwuliza anataka nini.

"Jeki ipo, nimeikalia," shangazi alisema. "Waambie hawa watu daktari alisema nini siku ile. Na mkeo asikie."

Bwana Rajabu akaomba waingie ndani wazungumze.

"Ndani hatuingii. Mie ulinisema hadharani."

Aliangalia barabara upande wa mjini, akaangalia upande wa Mbagala. Hapakuwa na gari lolote. Ndipo akasema, midomo ikitikisika kidogo tu, kwamba daktari alisema tatizo ni lake yeye.

"Kina mama wa nyuma hawajasikia," shangazi alisema.

Akarudia, sasa kwa sauti ya kupasuka. Hakuna aliyecheka, jambo lililonishangaza, maana mie nilikuwa nangoja kucheka.

Mlango wa motokaa ukafunguliwa, Salma akashuka. Alitembea hadi mbele ya mumewe, akamwuliza taratibu, "Na zile dawa ulizokuwa unaninywesha?"

Shangazi akainuka, akaenda jikoni na sinia lake. Baba akabadilisha tairi, nao wakaondoka, Salma akiwa amehamia kiti cha nyuma.

Habari ilifika Kariakoo kabla ya Bwana Rajabu. Barazani kwa wenzake hakuketi tena. Salma akadai talaka yake akaipata, akaolewa Kurasini, na baadaye tulimwona akipita Mtoni na mtoto mgongoni. Neno tasa halikutajwa tena karibu na shangazi.

Kwa muda mrefu niliamini tulimwadhibu mtu kwa kumwanika juani. Nilikuja kuelewa nilipoolewa, tumbo likachelewa, na mama mkwe akaanza kuniletea birika la mizizi kila asubuhi, chungu mno, nami nikinywa huku wifi zangu wakinitazama. Hapo ndipo nilipojua shangazi alikuwa amebebeshwa nini, na Salma aliokolewa na nini.

Nikaenda kumshukuru kwa niaba ya yule binti. Alikuwa mzee tayari. Nikamwambia alifanya wema mkubwa kumtoa mwenzake kwenye uongo ule.

Akanitazama sana. "Yule binti sikumfikiria hata kidogo," alisema. "Nilitaka Rajabu aumbuke."

Nilirudi nyumbani nikitafakari. Watu wengi wangependa ajibu vingine, hata mie nilitaka hivyo. Lakini wema wote wa mtaa ule ulikuwa umemwacha Salma anywe mizizi yake, na kisasi cha shangazi ndicho kilichomfungulia mlango.