Ndege Wasio na Macho

Kila adhuhuri Suqin, muuza tambi wa mtaa mmoja wa Chengdu, humpelekea mlinzi wa lango bakuli lake na kumkuta ameikodolea macho kompyuta. Vigae vya mahjong, mchezo wa Kichina, vimerundikana kwenye skrini, vinne kati yake vikiwa na picha ya ndege. Kazi ni kuondoa viwili vinavyofanana, mradi havijafunikwa wala kubanwa pande zote. Wengine huvamia jozi ya kwanza waionayo. Yeye kwanza hupitisha kidole gumba juu ya kioo, polepole, kama anayepapasa mchongo.

“Leo umekwama, mjomba. Bonyeza msaada!” Suqin akamtania.

“Msaada wa nani, mwanangu? Ndege wako watatu wazi. Nikimgusa huyu wa juu, nimejifungia mlango. Hawa wawili wa pembeni ndio waliomfunika wa nne.”

Akawaondoa wa pembeni. Rundo likapungua jozi kwa jozi, wakabaki ndege wawili, kisha skrini ikawa tupu. Suqin akapiga makofi, tambi zikipoa.

Mlinzi akanyoosha mgongo. “Umewaona ndege wa kompyuta hii? Hawana macho.” Akainua kidole gumba chenye kovu refu. “Wangu, enzi nikichonga vigae kwa mkono, kila mmoja nilimwekea jicho kwa ncha ya patasi. Ukimpapasa tu, unajua anakutazama.”