Noti Niliyoipandisha Makusudi Handeni

Siku hiyo nilikwenda Handeni kuiangusha kwaya yangu mwenyewe.

Si kwa bahati mbaya. Makusudi kabisa. Saa nne asubuhi, ukumbi umejaa, majaji watatu mezani, na mimi nimevaa sare ya kitenge, uso nimeupaka mafuta unang'aa kama bibi harusi.

Na silaha yangu ilikuwa noti moja tu.

Naitwa Hilaria. Nimeishia darasa la saba na sijawahi kumwomba mtu msamaha kwa hilo. Kwaya ya kanisa letu pale Korogwe nimeifundisha miaka thelathini na moja. Waumini wengine wanaujua mgongo wangu kuliko uso. Tukikutana sokoni natamani nigeuke ndipo wanisalimie.

Basi mwaka huu akaletwa Obadia.

Kijana wa miaka ishirini na sita, amesomea muziki, viatu vimechongoka, na ana kijiti cheupe cha kuongozea. Kijiti chenyewe chembamba, ukikipata kwenye mishikaki unakitupa.

Mzee Simeo, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, akaniita ofisini.

"Mwalimu, tunashukuru sana kwa utumishi wako," akaanza.

Mtu akianza na kushukuru, jua umeshafukuzwa.

"Ila mambo ya siku hizi yanataka cheti. Wewe, unajua mwenyewe, darasa la saba... Mashindano ya Handeni ataongoza Obadia."

"Cheti?" nikamuuliza. "Wewe Simeo ulipokuwa huwezi hata kutofautisha do na so, ulifundishwa na cheti?"

Akatazama dari.

Nikamwambia neno moja la Kishambaa ambalo hapa siliandiki, kwa sababu najua wajukuu zangu wanasoma.

Niliwaka jamani. Nilirudi nyumbani nikachemsha maharage, yakaungua. Nikachemsha mengine, nayo yakaungua.

Mchungaji akaja kunituliza. Akasema Obadia ataongoza, lakini mimi nitaendelea kutoa sauti.

Kwa msiojua, kutoa sauti ni hivi. Sisi tunaimba bila kinanda. Kabla ya wimbo, mwalimu anaimba noti ya kuanzia ya kila kundi: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kila kundi linashika ya kwake, wimbo unaanza. Mwalimu akizitoa juu mno, kwaya nzima itaimba juu mno mpaka mwisho, hata koo zipasuke.

Nikakubali haraka haraka. Mchungaji akafurahi. Masikini, hakujua nilichokuwa nawaza.

Mazoezini Obadia alikuwa na maneno mengi.

"Siku moja nitaongoza okestra kubwa, mwalimu. Watu themanini. Violini, tarumbeta, ngoma."

"Themanini?" nikamwambia. "Hawa ishirini na wawili wakichelewa tu unataka kulia."

Kwaya ikacheka. Na yeye akacheka, jambo lililozidi kunikera.

Jioni moja akanifuata nje. "Shikamoo mwalimu. Nina jambo nataka nikuambie, tafadhali usinielewe vibaya."

"Mwambie kijiti chako," nikamjibu, nikaondoka.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Ule wimbo wetu una mahali sauti ya kwanza inapanda juu sana. Efrazia, rafiki yangu tangu usichana, ndiye anayeongoza kundi hilo, na huwa anafika pale kwa shida. Nikipandisha noti ya kuanzia kidogo tu, wakifika pale watalia kama kuku aliyekanyagwa. Na anayeonekana mbele na kijiti ni nani? Obadia. Nani atarudishwa kwa magoti? Hilaria.

Ndiyo, ningewaaibisha watu ishirini na wawili wasio na kosa. Hasira haiulizi hayo.

Basi Handeni tukapanda jukwaani. Obadia akanigeukia, akainamisha kichwa kwa adabu.

Nikazitoa noti zote nne, juu kuliko zilivyotakiwa, polepole, kwa utulivu wa mtu anayetega panya.

Kijiti kikashuka. Wakaanza.

Nikasubiri. Wimbo ukapanda, ukapanda, ukakaribia pale mahali. Nikafumba macho.

Efrazia akapita pale kama anaruka kidimbwi cha maji. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyepasuka.

Ukumbi ukapiga makofi. Kati ya kwaya tisa tukawa wa pili.

Wakati wa kurudi nilikaa garini nimeduwaa. Tulipopita Sindeni nikashindwa kuvumilia.

"Efrazia. Zile noti nilizozitoa mlizichukua?"

Efrazia akageukia dirishani, akaanza kuangalia mashamba ya mahindi kama anataka kuyanunua.

"Efrazia, naongea na wewe!"

"Tulizichukua, mwalimu."

"Uongo! Zile ukianza nazo hufiki juu hata ukivutwa na kamba. Nilizikosea makusudi!"

Efrazia akanigeukia taratibu. Macho yamemtoka.

"Makusudi?" akasema. "Yaani leo ulikosea makusudi? Sisi tulidhani ni kama siku zote."

Siku zote.

"Siku zote gani?" nikauliza, na kwa mara ya kwanza niliogopa jibu.

Wakasukumana kwa viwiko. Mwisho akasema Frank, fundi pikipiki, anaimba sauti ya nne.

"Mwalimu, utusamehe. Ni miaka miwili sasa. Ukitoa sauti huwa haiko mahali pake. Basi mimi naguna noti ya kweli kooni, chini chini, na wenzangu wanachukua kwangu."

Miaka miwili! Nasimama mbele yao, natoa sauti, nanyoosha mikono, najisifu. Na wao wananisubiri nimalize ili wamsikilize Frank anavyoguna!

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje wewe?" Emiliana, mdogo kuliko wote, akasema. "Wewe ni mama yetu."

Obadia alikuwa kiti cha mbele. Akasema bila kugeuka.

"Mwalimu, nadhani ni masikio. Ndilo nililotaka kukuambia ile jioni. Wazee niliwaambia wiki ya kwanza, nikawaomba wakupeleke hospitali. Wakasema utaumia, watatafuta namna ya heshima."

Namna ya heshima! Ndiyo kile cheti!

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mzee Simeo kabla hajanywa chai.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "ulionelea afadhali uniite mjinga kuliko kuniambia sisikii?"

"Tulikuwa tunakutunzia heshima, mwalimu."

"Heshima yangu uliitunza wapi, Simeo? Chini ya godoro? Mbona mwenyewe sikuiona?"

Mkewe Serafina, aliyekuwa anakaanga maandazi, akacheka mpaka akaunguza.

Nikaenda hospitali. Mama mmoja muuguzi akanichungulia masikio na tochi, akanipa matone, akasema nirudi baada ya siku nne. Niliporudi akapiga maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano, kushoto, kisha kulia.

Vikatoka vibonge viwili vyeusi, kama mbegu za ukwaju.

"Nta tu, bibi," akasema. "Ungekuja mapema usingeteseka."

Nikasikia feni ya darini. Nikasikia mtu anakohoa chumba cha tatu. Nikasikia kandambili zangu mwenyewe.

Robo saa! Miaka miwili ya kufichwa, aibu ya cheti, maharage sufuria mbili, na uovu niliotaka kuwafanyia watu wangu. Vyote hivyo dawa yake robo saa na maji ya uvuguvugu. Nilikaa kwenye benchi pale nje nikalia kwa hasira, watu wakadhani nimefiwa.

Wazee waliposikia nimepona, walinirudisha. Alhamisi nikaingia mazoezini, nikakataa kufundisha.

"Kwanza kila mmoja aseme kosa langu moja, hapa, usoni. Asiyesema haimbi."

Emiliana akanyoosha kidole.

"Mwalimu, ukifundisha unaturushia mate. Sisi wa mstari wa mbele."

Mtu akacheka, na hapo wote wakaanza kuyataja. Ninapendelea sauti ya kwanza. Nasimulia habari za marehemu mume wangu mpaka saa ya kuimba inaisha. Efrazia, huyohuyo rafiki yangu, akasimama mara tatu!

Nilikasirika upya, lakini nilisikiliza mpaka mwisho.

Obadia alitaka kuondoka, nikamzuia. Nikamwambia anaongoza nyimbo mpya, mimi za zamani, na siku nitakapoanza kuharibu ananiambia siku hiyohiyo. Akichelewa, nitamfuata mpaka kwenye hiyo okestra yake, nimkalie kiti cha mbele.

Nanyi mnaosoma, mnaye mzee nyumbani. Pengine anakosea jambo na mnatazamana nyuma yake, mnaguna, mnaliita jambo hilo adabu. Mwambieni leo. Atawatukana, na matusi ya bibi hayajawahi kuua mtu. Mnapomnyamazia mnamnyima nafasi ya kupona, halafu siku moja mnamtoa kwa kisingizio.

Mimi wangu nimewasamehe. Siyo wote. Simeo bado.