Mgeni Aliyekunywa Chai Getini

Sina uvumilivu na kisanduku cha kutafuta. Kile kijisanduku cheupe kinachokaa juu ya kioo cha simu, ukiandika neno kinakuletea kila mahali neno hilo lilipoandikwa. Nikikiona natamani kukitukana, na mara nyingine nakitukana kweli. Watu wa nyumbani wameshazoea. Mgeni akishtuka wanamwambia, "Mwache, huyo na simu wako na maneno yao."

Baba alifanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha nguo kule Thika. Kiwanda kilifungwa zamani na majengo yakageuzwa mabohari, lakini kina mama waliokuwa wakiuza chai na chapati getini hawakuhama, na wafanyakazi wa zamani hawakuacha kupita kuwasalimu. Walikuwa hata na grupu lao la simu. Lilikuwa grupu la misiba, sala za asubuhi, na bwana mmoja asiyechoka kutangaza mbolea yake ya kuku. Baba naye alikuwemo. Akili ilipoanza kumtoka alisahau majina yetu, akasahau mlango wa choo, akasahau kwamba mama alikufa. Njia ya kwenda kazini haikumtoka.

Asubuhi hiyo, pale kwetu Kimbo, niliingia chumbani mwake nikakuta kitanda kimetandikwa, viatu vyake vya kazini havipo, na simu yake imeachwa kwenye chaji. Geti la ploti lilikuwa wazi. Ilikuwa ule mwezi wa baridi, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati, na mzee ametoka bila koti. Hakuwa tena mtu wa kuvuka barabara peke yake.

Nilimpigia kaka yangu, anakaa Mugutha. Akaja upesi, amekunja uso.

"Umeambia nani?" ndilo lililokuwa swali lake la kwanza.

"Bado."

"Usiandike kwa grupu yoyote. Unasikia? Watu watasema tumeshindwa na mzee wetu. Wacha tumtafute sisi wenyewe kwanza."

Kwetu huku ukisema mzee wako amepotea, umemvunjia heshima yeye na umewavua nguo watoto wake. Nilijua hivyo, kaka alijua hivyo, na kila mtu aliyeshika simu siku hiyo alijua hivyo. Kaka akapanda pikipiki kuzunguka Kimbo na Mugutha; hatukudhani mzee asiyeweza kuvuka barabara angepanda matatu hadi Thika. Mimi nikabaki na simu ya baba. Nilikuwa nimekatazwa kuuliza, lakini kutafuta sikukatazwa. Magrupu yake yalikuwa mengi, na lile la getini lilikuwa limefurika kwa sababu mwenzao mmoja alikuwa amefariki na pole zilikuwa zikimiminika tangu alfajiri. Nani angesoma zote? Nikakiamini kisanduku.

Nikaandika "amepotea". Kikaniletea ng'ombe aliyepotea, kitambulisho kilichopotea, na mbuzi mwenye kamba nyekundu shingoni. Nikaandika "mzee". Kikaniletea mzee wa kanisa, mzee wa mtaa, na mkutano wa wazee ulioahirishwa. Nikaandika "anatafutwa", nikapata fundi wa mabomba anatafutwa kwa haraka. Nikaandika "baba", na hapo ndipo nilipotaka kuirusha simu ukutani, maana Baba wa mbinguni alijaa kioo kizima, sala juu ya sala, na baba yangu mimi hakuwemo. Nilirudia maneno hayo hayo katika kila grupu. Nikaandika kwa herufi kubwa, kana kwamba nikipiga kelele kisanduku kitasikia.

Alasiri ikafika. Kaka akapiga kusema hajaona kitu. Nikamkatia simu, nikaandika katika grupu la getini kwa jina la baba mwenyewe: "Mimi ni binti yake. Baba yetu ametoka nyumbani asubuhi na hatujui aliko. Tafadhali mtusaidie."

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini. "Pole mami. Si huyo ni yule guka wa chai? Hebu angalia juu."

Nikaangalia juu kumtafuta huyo guka, yaani babu kwa Kikuyu. Ujumbe ulikuwa pale, katikati ya pole na mbolea ya kuku. Ulikuwa pale tangu asubuhi. Aliyeuandika alikuwa mmoja wa kina mama wa chai, na ninaujua kwa moyo: "Habari za asubuhi wapendwa. Leo tumebarikiwa. Guka mmoja wa hapa kitambo amekuja kutusalimia. Ameketi na sisi, amekunywa chai, anangoja kengele ya shifti. Mungu amuongezee miaka. Watu wake wakiona hii wajue tuko naye na anakula."

Chini yake watu walikuwa wameweka viganja vya sala na "amina", kisha wakarudi kwenye msiba.

Usome tena. Anangoja kengele, na kiwanda hakina kengele. Watu wake wajue tuko naye. Mtu yeyote wa huku akiusoma mara moja tu anaelewa kwamba kuna mzee ameachana na akili yake kidogo, yuko salama, njooni mumchukue taratibu bila kumwaibisha. Lakini neno "amepotea" halimo. "Mzee" halimo. "Baba" halimo. "Anatafutwa" halimo. Kisanduku kilipita juu ya ujumbe huo kila mara nilipoandika, kikaona herufi hazifanani, kikaniletea mbuzi.

Nilimpigia mama wa chai. Mara ya kwanza hakupatikana, mara ya pili akashika.

"Woi, mami, ametoka saa hii tu! Hata kikombe chake sijaosha. Amesema anaenda nyumbani, tukamshukuru kututembelea, tukamsindikiza hadi pale kona."

Walimsindikiza. Mgeni wa heshima humshiki mkono ukamrudisha kwenye benchi. Unatembea naye hatua kidogo, unamtakia njia njema, unarudi kwa sufuria zako. Na nyumbani aliposema baba palikuwa kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda, tulikozaliwa sisi, ambazo zilibomolewa. Kati ya ile kona na zilipokuwa nyumba hizo kuna mtaro ulioibwa vifuniko. Tulimkuta humo, mimi na kaka, viatu vimejaa maji, anaomba radhi kwa kuchelewa kazini. Alikuwa amevunjika nyonga.

Nilirudi kwa mama wa chai baadaye, na nilienda kugombana.

"Kwa nini hukuandika kwamba amepotea?"

Aliweka birika chini. "Ati niandike mtu mzima amepotea, na ameketi hapa mbele yangu, kofia iko kwa goti? Wewe ungeandika?"

Nikaketi kwenye benchi lake.

"Hakutaka kunipa jina, na sikutaka kumhoji kama polisi. Bando yangu ilikuwa ya saa moja, ikaisha. Lakini nilisema, watu wake wakisoma wataelewa."

Alikuwa na haki, na bado nilimkasirikia. Nilimkasirikia kaka kwa aibu yake, nikakasirikia viganja vya sala, nikamkasirikia aliyeiba vifuniko vya mtaro. Lakini hasira hizo hupanda na kushuka. Ya kisanduku haishuki, kwa sababu kisanduku ndiyo kazi yangu.

Nimeajiriwa Ruiru, katika kampuni inayouza vyombo vya nyumbani kwa mtandao. Kwa miaka kazi yangu ilikuwa kubandika maneno kwenye bidhaa ili zipatikane. Sufuria moja nilikuwa naiandikia maneno mpaka naona haya: sufuria, chungu, ya kupikia, ya sherehe, kubwa, ya chai. Nisipoliwaza neno la mteja, mteja anaambiwa hakuna, na sufuria zimejaa bohari. Nilikuwa kama askari wa geti aliyepewa jina moja kwenye karatasi: usipolitaja jina hilo hasa, hata uwe mwenye nyumba, huingii.

Miezi michache baada ya ile siku, fundi wetu wa kompyuta akaleta mtambo mpya wa kutafuta. Alikuwa na furaha kama mtu aliyenunua gari.

"Hii haisomi maneno, inasoma maana," akasema. "Imefunzwa na maandishi mengi sana. Kila sentensi inaipea mahali pake, na sentensi zenye maana karibu zinakaa karibu, hata kama hazishiriki neno. Andika tu vile unaongea."

Nikaandika: "kitu cha kuchemshia chai ya wageni wengi". Sufuria ikaja ya kwanza. Sikuwa nimeibandika "wageni" wala "kuchemshia". Wenzangu wakapiga makofi.

Mimi sikupiga. Nilisubiri watoke kwenda kula, nikachukua maandishi ya grupu la getini, ambayo nilikuwa nimeyahifadhi, nikayaingiza yote mtamboni: pole, sala, mbolea, ng'ombe, mbuzi. Nikaandika "baba yangu amepotea".

Ujumbe wa guka wa chai ulikuja wa kwanza. Mbuzi alikuwa chini kabisa.

Nilipiga meza kwa kiganja mpaka kikombe cha jirani kikamwagika. Fundi akarudi mbio. "Nini? Haijafanya kazi?"

"Imefanya."

"Sasa mbona unalia?"

Nilimwambia ni hasira. Sikusema uongo. Kitu cha kuelewa kwamba mzee anayengoja kengele isiyokuwepo ni mzee aliyepotea kimepatikana, na kimeletwa duniani kuuza sufuria. Simu iliyokuwa mkononi mwangu siku ile haikuwa nacho. Ilikuwa na kisanduku kinacholinganisha herufi, na watu wangu hawaandiki aibu ya mtu kwa herufi zake. Wanaizungushia chai na heshima na kuamini kwamba msomaji ana moyo.

Baba yuko Kimbo, kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi miguuni; tangu mtaroni hajatembea tena. Akitaka kitu hukosa jina lake, husema, "Niletee zile za kazini," nami najua ni viatu. Namletea. Anavishika mapajani na kutazama nje, anauliza kama kengele imelia.

Wageni wakija kumwona, kaka huwatuliza kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi kubwa. "Mzee yuko sawa kabisa," huwaambia. "Siku hizi hapotei."