Mababu Zangu Nyuma ya Ukuta

Chuo sikulipiwa na mtu. Nililinda mageti Doha usiku, nikasoma mchana wenzangu wakilala, nikarudi Garissa na diploma ya biashara ambayo kila shilingi yake ni jasho langu. Kwa hiyo nilipoitwa kwenye usaili wa "afisa wa uwekezaji", nilivaa suti na kofia nikijua kazi ni yangu.

Ofisi ilikuwa mtaa wa Galbet, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Haikuwa na bango. Ukuta wa mbao nyembamba uliigawa, na nyuma yake watu walikuwa wakiongea na simu kwa sauti za chini. Nilitega sikio. Wote walisema jambo moja: "Eeddo, ni mimi. Usiogope." Eeddo ni shangazi. Kila mtu kule nyuma alikuwa na shangazi.

Aliyenihoji alikuwa mtu mpole, ananukia udi. Niliweka diploma mbele yake. Hakuigusa.

"Karatasi kila mtu anayo, ndugu yangu. Wewe ni wa nani?"

Kwetu swali hilo ni heshima. Unataja baba, babu, unapanda hivyo mpaka majina yako yakutane na ya aliyeuliza. Nami katika rika langu hakuna anayenishinda kwa hilo. Niliyatiririsha bila kusita, yeye amefumba macho. Nilipofika juu kabisa ndipo nikagundua kwamba nyuma ya mbao wote wamenyamaza.

"Mashallah," akasema. "Hao ni wafu. Sasa tuje kwa walio hai."

Niliuliza mshahara.

"Mshahara ni jamaa zako. Wakiweka pesa kwetu, unapata fungu lako. Wasipoweka, hupati. Anza na yule shangazi uliyemwandika kwenye maombi ya kazi. Si ameuza ngamia?"

Ndiye aliyenilea, na pesa za ngamia wale ndizo uzee wake wote. Habari hiyo sikuwa nimemwambia mtu. Nilimpigia pale pale.

"Umepiga tena, eeddo?" akasema. Kwetu shangazi naye humwita mtoto wa kaka yake hivyo hivyo. "Asubuhi nilikwambia unitajie mababu nijue ni wewe, ukasema utapiga baadaye. Haya, taja. Pesa ziko hapa."

Asubuhi ile sikuwa nimempigia.

Nilifungua kinywa. Nyuma ya ukuta sauti ya mtu wa umri wangu ikaanza taratibu: baba yangu, babu yangu, babu wa babu, kama mtoto wa madrasa anayekariri. Haikukosea hata jina moja.

"Eeddo, atakayekutajia mababu si mimi. Usitoe kitu mpaka unione kwa macho."

"Na wewe ni yupi?"

Nilikata simu, nikanyakua diploma yangu, nikashuka ngazi mbio.

Kwa shangazi nilikuta geti lina mnyororo. Alinitazama kupitia tundu, simu sikioni. Akaniashiria nivue kofia, niiname. Akapitisha kidole, akatafuta kovu la utosini nilipopigwa teke na punda nikiwa mdogo. Akalipata, lakini kidole hakukiondoa haraka. Katika simu yake mtu alikuwa anamalizia babu wa mwisho, kwa sauti ambayo hata mimi ningeapa ni yangu.

Aliizima. Ndipo akafungua.