Bugi Kabla ya Mwezi Kuandama

Enzi zetu, wenzangu, nyimbo hazikuwa na mwisho. Nasema kweli. Nyinyi mliokulia vijiji vya redio moja mnanielewa. Bendi inapiga, mwimbaji anamaliza beti zake, gitaa ndiyo kwanza linaanza kupanda na wewe mwili unaanza kusisimka, mara mtangazaji huyo! "Na sasa ni wakati wa taarifa ya habari." Basi, imetoka hiyo. Na kama si mtangazaji, basi ni betri. Asubuhi mmezianika juani kama samaki, jioni zinaimba kidogo, halafu sauti inakuwa nzito, inavuta, inazama. Tulilala na nyimbo nusu nusu vichwani.

Nusu iliyonitesa mimi kuliko zote ilikuwa ya wimbo mmoja wa bendi ya Vimondo. Sijui kama mnawakumbuka. Walikuwa vijana wa Dar es Salaam, nywele zimetimka, suruali za bugaluu zinafagia chini, viatu vya raizoni vyenye soli nene kama matofali, na magitaa ya umeme yaliyolia kama yanaumwa meno. Mwalimu wetu wa Sayansi, mtu wa Moshi aliyepangiwa kwetu Nandagala, alisema ule ni muziki wa roki. Sisi hatukujua roki wala nini, tuliuita kwa jina la mtindo wao, Kung'uta. Na sisi watoto wa wakulima wa ufuta, kung'uta tulikuwa tunakujua barabara. Unachukua tita la ufuta uliokauka, unaligeuza kichwa chini juu ya turubai, unalitikisa na kuligonga mpaka punje zimwagike. Nilikuwa nakung'uta huku nacheza, na baba ananikemea kutoka upande wa pili wa shamba: "Somoe! Kung'uta ufuta, acha kung'uta kiuno!"

Wimbo wenyewe uliitwa Taa ya Chemni. Mtu anaiomba taa yake ya mafuta isizimike mpaka mpenzi wake afike. Je, alifika? Taa ilizimika? Sikujua. Kila mara gitaa likianza kujibu tu, redio inaingiza habari. Nilimsumbua baba mpaka akachoka. "Baba, unaishaje?" Naye hunijibu, "Unaisha kama vinavyoisha vingine, mama." Aliniita mama kwa sababu jina langu ni la mama yake.

Sasa lazima niwaeleze habari za baba, maana bila yeye hakuna hadithi. Mzee Mnali alikuwa mkulima kama wengine, hana kisomo kikubwa, Kiswahili chake kimechanganyika na Kimwera, lakini alikuwa na macho. Macho hayo! Ikifika ishirini na tisa ya mwezi wa Shaabani, kijiji kizima kilitoka kutazama magharibi kama mwezi wa Ramadhani umeandama, na kila mwaka, wa kwanza kuuona alikuwa yeye. Wengine wanakodoa, wanabishana na mawingu, yeye ametulia. Akiuona, kwanza anavua kofia na kuibana kifuani. Halafu anapaza sauti, "Huyoooo!" Watoto tulikuwa hatuangalii mwezi, tulikuwa tunaangalia kofia ya baba.

Mwaka ninaousema, miaka ya themanini ilikuwa imeanza na sukari ilikuwa adimu kama dhahabu. Mwalimu akaja na habari darasani: Vimondo wanakuja Nachingwea kupiga bugi. Vijana wa leo hawajui bugi. Nikimwambia mjukuu wangu Shamte kwamba bibi yake aliwahi kwenda bugi, anacheka, "Bibi, ulibugi nini?" Kwao bugi ni kukosea. Haya. Kwetu bugi lilikuwa dansi la mchana, la vijana na watoto wa shule, unakunywa soda yako, giza likiingia kila mtu kwao.

Lakini siku waliyopanga ilikuwa ni hiyo hiyo ishirini na tisa Shaabani. Watu walitaka kuvunja jungu kwa shangwe kabla ya kufunga. Wazee wa Nachingwea wakakubali kwa sharti moja, nalo lilifika mpaka kwetu: mwezi ukionekana, ngoma chini. Hapo hapo, hata kama mwimbaji amefungua mdomo.

Baba alikuwa na safari ya huko huko, kumpelekea shangazi ufuta na kutafuta sukari ya futari. Akasema atanichukua. Nilifurahi mpaka nikaruka, halafu usiku ule ule furaha ikaniishia. Nilikaa kitandani nikawaza: naenda bugi na nani? Naenda na mtu mwenye macho kuliko wote, tena siku ya kutazama mwezi. Kama tungemwacha nyumbani, wazee wa Nachingwea na macho yao ya uzee wangekodoa mpaka giza liingie, na Vimondo wangepiga mpaka waridhike. Nimejibebea mzimaji wa taa mwenyewe! Nikatamani augue. Kidogo tu, mafua.

Hakuugua. Asubuhi tulipanda lori la mazao, tumekaa juu ya magunia, mama ametufungia ming'oko ya kuchemsha, viazi vya porini vya kwetu. Mimi sikula. Kabla ya kufika Ruponda tairi likapasuka. Utingo akashuka, akalizunguka, akawasha sigara. Jamani, yule kijana sijaona mtu wa kupaka gundi polepole kama yeye! Baba amekaa kivulini anapiga soga na abiria, anakula ming'oko. Mimi naangalia juu.

"Baba, jua."

"Jua limekukosea nini?"

"Linakwenda."

"Liache liende, ndiyo kazi yake."

Tulifika Nachingwea alasiri. Nikajua nimekosa, nikaanza kulia kabla hata ya kushuka. Kumbe ukumbi umejaa, watu wanajipepea, na bendi yenyewe haijafika. Gari lao lilikuwa limekwama huko njia ya Masasi. Sikujua nishukuru au niendelee kulia. Nikafanya yote mawili.

Saa kumi ikapita. Watu wakaanza kuzomea mlango. Ndipo Vimondo wakaingia, wekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi raizoni, hata huwezi kujua nani mweusi nani maji ya kunde. Watu wakapiga mayowe, lakini jenereta likagoma. Wanavuta kamba, linakohoa, linazima. Wanavuta tena, linakohoa. Nilikuwa nimebana vidole mpaka vimekufa ganzi. Dirishani niliona mwanga umeshaanza kuwa wa njano.

Halafu likawaka, na gitaa likalia. Wenzangu, nilikuwa sijawahi kusikia sauti kubwa hivyo ambayo si radi. Ile ya redio ilikuwa inaingia masikioni, hii iliingia kupitia nyayo. Besi iligonga kifuani nikashika mbavu. Watu wakakung'uta! Jasho, vumbi, mafuta ya nazi, vyote vimechanganyika hewani. Lakini nadhani mimi peke yangu sikucheza. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha la magharibi, sikio moja kwa Vimondo, jicho kwa baba.

Baba alikataa kuingia. "Humo ndani sitajua hata mikono niiweke wapi," alisema. Alisimama uwanjani, kando ya wazee wa mji waliokuwa wameshatoka na kanzu zao kutazama mwezi. Hawakumjua. Kwao alikuwa mgeni tu kutoka Ruangwa huko mashambani, mwenye kofia iliyofifia.

Vijana wakapaza sauti, "Taa! Taa!" Mwimbaji akacheka, akatikisa kichwa, wakapiga nyimbo nyingine. Wanauweka wa mwisho! Nilitaka kupanda jukwaani nimwambie, kaka, hujui nani yuko nje. Jua likagusa mapaa. Likazama. Wingu jembamba likasogea nikaliombea dua lisimame hapo hapo, Mungu anisamehe, lakini likapita. Ndipo walipoanza Taa ya Chemni.

Ubeti wa kwanza. Wa pili. Naijua kila pumzi. Tukafika pale pa redio, pale mtangazaji huingia, gitaa likaanza kujibu, nami nikageuka dirishani.

Baba amevua kofia.

Ameibana kifuani. Uso uko magharibi, hatikisiki. Nikasema, basi, Somoe, hiyo ndiyo sehemu yako duniani, nusu. Nikafumba macho kusubiri "Huyoooo".

Haikuja. Gitaa likaendelea. Nikafungua jicho moja. Kofia iko kifuani, mdomo umefumbwa. Wazee wa mji pembeni yake wanakodoa upande usio wenyewe. Gitaa likapanda mahali ambapo redio haikuwahi kunifikisha, likarudi, likapanda tena. Kisha vyombo vikaanza kunyamaza kimoja kimoja. Tarumbeta kimya. Ngoma kimya. Besi kimya. Likabaki gitaa peke yake, linaimba polepole maneno yale yale ya mwimbaji, na ukumbi mzima umetulia. Mwimbaji akasogea kwenye kipaza sauti, akainama kama mtu aliyeinamia taa, akapuliza: fuu.

Ndiyo mwisho wake. Mpenzi amefika, taa ya nini tena?

Na katika ukimya ule, kutoka uwanjani, "Huyoooo!"

Watu ndani wakashangilia, wakidhani ni sehemu ya wimbo. Mimi nilishatoka mbio. Nje wazee wamemzunguka baba. "Wapi? Wapi, bwana?" Baba ananyoosha kidole, juu ya bati lile, kushoto kidogo kwa mti. Hawaoni. Mwezi wa siku ya kwanza haukai, mnajua, ni uzi tu, na ule ulikuwa umeshashuka mpaka karibu na paa. Mmoja akaguna kwamba hatuwezi kufunga kwa jicho la mtu mmoja tusiyemjua. Niliona jasho linamtoka baba, na baridi ya Juni ilikuwa imeshaanza. Kwetu neno lake halikuwahi kuulizwa, na pale alikuwa karibu kuitwa muongo mbele ya watu. Nikaingiwa na hofu mpya, mbaya kuliko zile za tairi na jenereta. Ndipo mzee mmoja mwenye mkongojo akapiga kelele, "Nimeuona! Wallahi ule pale!" Na wa pili. Mara mwezi ukajificha nyuma ya bati.

Yule wa mkongojo akampa baba mkono. "Mgeni, ungekawia kidogo tu tungekugeuza mzushi."

"Ni kweli," baba akasema, akavaa kofia.

Tulitembea kwenda kwa shangazi. Nyuma yetu Vimondo wanakunja nyaya zao, mbele yetu watu wanaitana kwa ajili ya tarawehe. Nilijizuia kuuliza mpaka nikashindwa.

"Baba, uliuona tangu lini?"

"Mwezi?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa umeandama," akasema, "ila ulikuwa haujakaa vizuri."

Tukaenda hatua kadhaa. Nikamsikia gizani anajaribu kwa pumzi yake, taratibu, "Fuu." Kisha akacheka peke yake. "Kumbe ndivyo unavyoisha, mama."

Hatukuizungumzia habari hiyo tena maisha yetu yote. Alizeeka, mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili, macho yale! Miaka yake ya mwisho tulikuwa tunamshika mkono kumtoa nje jioni ya ishirini na tisa, anasimama kwa heshima ya zamani, anauliza, "Umekaa vizuri?" Nami namwambia, "Umekaa, baba." Ndipo anavua kofia.

Leo mambo ni rahisi, siwezi kukataa. Ruangwa hii imejaa taa, na Shamte ana bendi zote za dunia mfukoni. Alinitafutia hata Taa ya Chemni kwenye simu yake, nikakaa nisikilize, machozi tayari yako mlangoni. Gitaa lilipoanza tu kujibu, akaruka kwenda wimbo mwingine. "Bibi, huu mrefu mno." Mrefu! Mtoto ana mwisho wa kila wimbo mkononi, hana hata mmoja aliowahi kuufikia. Nilimfukuza na kandambili.

Na mwezi nao siku hizi unatangazwa kwenye simu kabla watu hawajatoka nje. Mimi bado natoka. Shamte hunifuata, maana amegundua kuwa macho ya babu yake mkuu yamehamia kwangu. "Bibi, umeuona?" ananiuliza. Mara nyingi nakuwa nimeshauona. Sisemi hapo hapo. Nanyamaza kwanza, kiasi cha gitaa kumaliza.